Sajini Said wa Bornu na Picha za Wazee Wetu



Ukiingia katika nyumba zetu nyingi huku ugenini, hasa siku za Idi tunapotembeleana, utaikuta ukutani au ndani ya albamu ya zamani picha ya kijana aliyevaa sare ya askari. Rangi yake imekwisha geuka kuwa ya kahawia na pembe za karatasi zimeliwa. Mtoto atauliza, "Huyu nani?" Ataambiwa, "Babu huyo. Alikuwa askari." Akiendelea kuuliza, babu yupi, askari wa nani, alipigana wapi, watu wazima hutazamana, kisha mmoja husema, "Hayo angeyajua marehemu bibi." Sambusa huletwa, mazungumzo hugeuka, na picha hubaki pale pale.

Nami ni mmoja wa hao wanaotazamana. Marehemu ami yangu alipiga picha na sare ya King's African Rifles kabla ya kupelekwa Burma katika Vita Vikuu vya Pili. Nimesomesha historia kwa miaka mingi; nimewakaririsha watoto wa watu tarehe za vita vya Ulaya mpaka wakazijua kwa ghibu. Lakini ami yangu, aliyeishi nyumba ya tatu kutoka kwetu, sikumuuliza hata siku moja aliona nini huko. Nilidhani yupo, na kwamba atakuwapo siku zote. Leo ninayo picha yake, na nyuma yake kuna neno moja tu kwa kalamu ya wino: "Ami."

Sitaki kuingia katika hitilafu ya wanachuoni kuhusu kutundika picha. Wenye elimu ya jambo hilo wapo na waulizwe. Ninalotaka kulizungumza ni hili: sura bila ya maneno ni amana pungufu. Ili nilieleze vizuri, naomba ruhusa niwasimulie habari za picha moja ndogo iliyopigwa Marekani zaidi ya miaka mia na hamsini iliyopita, picha ya kijana Mwislamu kutoka Afrika ambaye dunia ilimzungusha mpaka ikamfikisha katika sare ya jeshi.

PICHA YENYEWE

Picha hiyo imehifadhiwa katika Chama cha Historia cha Massachusetts, mjini Boston. Ilipigwa wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ambavyo vilianza mwaka 1861 na kumalizika mwaka 1865. Ni ya aina iliyopendwa sana zama hizo: karatasi nyembamba iliyobandikwa juu ya kadi yenye upana wa sentimita sita na urefu wa sentimita kumi hivi, kiasi cha kuenea katika kiganja cha mkono. Mtindo huo Mfaransa mmoja, Disdéri, aliusajili Paris mwaka 1854, na katika muda mfupi ukaenea dunia nzima kwa sababu ulikuwa rahisi. Askari aliyekuwa akienda vitani aliweza kupigisha picha, akachapishiwa nakala kadhaa, akampelekea mama yake moja, mchumba wake moja, na nyingine akampa rafiki.

Kazi yenyewe haikuwa nyepesi. Mpiga picha alikipaka kioo dawa, na kabla hakijakauka ilimpasa akiingize katika kamera, apige, kisha akimbilie chumba cha giza kukisafisha. Karatasi ya kuchapishia ilipakwa ute wa yai uliochanganywa na chumvi, kisha ikatiwa dawa ya fedha. Anayepigwa alitakiwa atulie tuli kwa nukta kadhaa, na mara nyingi nyuma ya shingo yake kiliwekwa chuma cha kumshikilia asitikisike. Ndiyo maana wazee wa picha za zamani wanaonekana wakali. Si kwamba hawakujua kucheka. Walikuwa wakizuia pumzi.

Katika picha ninayoizungumzia yumo kijana mweusi aliyevaa koti la jeshi la vifungo. Mhariri amenishauri tusiichapishe hapa, na nimekubaliana naye, kwani mashine yetu ya fotokopi humgeuza kila mtu mweusi kuwa kivuli. Lakini hata mngeiona picha yenyewe, msingejua kuwa kijana huyo alikuwa mtoto wa jemadari, kwamba alikwisha fika Makka, Istanbul na Paris, wala kwamba alijua lugha zisizopungua tisa. Mngeona askari tu, kama askari wengine. Hayo yote twayajua kwa sababu moja, nayo nitaitaja mbele.

MTOTO WA JEMADARI

Jina alilopewa na wazazi wake ni Muhammad Ali bin Said. Alizaliwa Kukawa, mji mkuu wa dola ya Kiislamu ya Bornu karibu na Ziwa Chad, mnamo mwaka 1836. Leo mahali hapo pamo katika jimbo la Borno, kaskazini-mashariki mwa Nigeria. Baba yake aliitwa Barka Gana, naye alikuwa jemadari mkuu katika majeshi ya Bornu. Msafiri wa Kiingereza, Denham, aliyefika nchi hiyo katika miaka ya 1820, alifuatana na jemadari huyo vitani na akamtaja katika kitabu chake. Kwa hiyo hizi si hadithi za mtu kujipamba ugenini, kama tunavyowasikia baadhi yetu wakidai huku kuwa kwao walikuwa na mashamba yasiyohesabika. Ukoo wake unathibitika.

Muhammad Ali alisomeshwa kusoma na kuandika Kiarabu, kama watoto wa watu wa hadhi yake. Lakini alipokuwa bado mvulana, mwishoni mwa miaka ya 1840 au baada yake kidogo, alitoka kuwinda na vijana wenzake, nao wakavamiwa na Watuareg na kutekwa. Mtoto wa jemadari akawa mtumwa, akavukishwa jangwa la Sahara mpaka Murzuk, katika Libya ya leo.

Hapa sisi tuliotoka pwani ya Afrika Mashariki tusijifanye wageni. Biashara hiyo twaijua. Misafara ilishuka kutoka bara mpaka mwambao wetu, na soko la watumwa la Unguja halikufungwa ila mwaka 1873. Katika damu zetu yumo aliyeuza na yumo aliyeuzwa, na mara nyingine wote wawili wamo katika ukoo mmoja. Habari za Muhammad Ali ni sehemu ya habari hiyo hiyo, kwa njia ya jangwa badala ya njia ya bahari.

KUTOKA TRIPOLI MPAKA RIGA

Kutoka Murzuk alifikishwa Tripoli katika nyumba ya Haji Daudi, mfanyabiashara wa tumbaku, na alifuatana naye mpaka Makka. Waliporudi, tajiri huyo alikuta moto umeteketeza biashara yake. Alipofilisika, miongoni mwa mali zilizouzwa kulipia hasara alikuwamo na kijana huyu.

Akapelekwa katika nchi ya Waturuki, akatumikia katika nyumba za wakubwa wa dola ya Kiosmania, Fuad Pasha na Reshid Pasha. Kazi yake ilikuwa kuangalia viko vya kuvutia tumbaku. Mwaka 1853, mwanamfalme Menshikov wa Urusi alikuja Istanbul kwa ujumbe wa kidiplomasia uliotangulia vita vya Crimea. Alipoondoka, kijana wa Bornu akaingia katika utumishi wa Warusi, akafika Odessa na St. Petersburg. Huko akahamia kwa bwana mwingine wa ukoo wa kifalme, Nicholas Trubetzkoy.

Sasa nafika mahali pazito. Bwana huyu hakupendezwa kumwona mtumishi wake akisali Kiislamu. Mwezi wa Novemba 1855, mjini Riga, kijana alibatizwa. Muhammad Ali akaitwa Nicholas, jina la bwana wake. Katika jina alilozaliwa nalo likabaki neno moja tu, Said, na hilo akalishikilia mpaka kufa.

Wahenga wetu wamesema, mwacha asili ni mtumwa. Methali hii tunaipenda sana huku ugenini, na aghalabu tunawarushia vijana wetu kama jiwe. Lakini kisa hiki chapasa kitufanye tuitamke kwa adabu zaidi. Huyu hakuiacha asili yake ndipo akawa mtumwa. Alifanywa mtumwa kwanza, na asili yake ikamenywa kidogo kidogo, leo lugha, kesho nguo, keshokutwa jina. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa hivi, peke yake katika nchi ya theluji, hana mzazi wala mwalimu, wala jirani wa dini yake wa kumfuturisha. Nani kati yetu anayeweza kuapa kwamba mwanawe angesimama imara zaidi katika hali hiyo? Yaliyokuwamo moyoni mwake anayajua Aliyemuumba. Sisi tulio na misikiti, madrasa za Jumamosi na jarida hili, tunaulizwa jambo jingine: je, tunavitumia?

LONDON, KANADA NA DETROIT

Akiwa na Trubetzkoy, Said alitembea Ujerumani, Austria, Italia, Ufaransa na Uingereza. Kila alikopita alijifunza lugha. Kwao alikuja na Kikanuri, Kimandara na Kiarabu. Akaongeza Kituruki, Kirusi, Kijerumani, Kiitaliano, Kifaransa na Kiingereza. Wale wenzetu wanaonung'unika kwamba Kiingereza cha skuli ya jioni ni kigumu wamtazame yeye, aliyejifunza kwa kusikiliza huku amebeba masanduku ya mwenziwe.

Lakini katika raha zote hizo alikuwa na hamu moja, kurudi kwao. Mwishoni mwa miaka ya 1850, akiwa London, alimwomba bwana wake ruhusa ya kwenda Afrika. Wakaagana. Alikaa upande wa mashariki wa jiji, karibu na magati ya West India, katika nyumba iliyofunguliwa mwaka 1857 kwa ajili ya mabaharia na wageni wengine kutoka Asia na Afrika. Wasomaji wetu wa London wanaoishi pande hizo wajue kwamba mitaa yao ilikwisha mpokea Mwafrika aliyekuwa akingojea njia ya kurudi nyumbani, kabla babu zao hawajazaliwa.

Njia hiyo haikupatikana. Kabla hajasafiri alikutana na bwana mmoja wa Kizungu aliyetaka mtumishi wa kufuatana naye Amerika. Said akakubali, akitaraji kuiona nchi hiyo kisha arudi. Wakazunguka visiwani na Marekani, wakaingia Kanada. Huko yule bwana, aliyekuwa amekopa fedha za Said, akaondoka na kumwacha katika kijiji asichokijua, hana hata nauli. Kila mmoja wetu aliyewahi kumwamini mtu aliyemwahidi kazi au karatasi ughaibuni, kisha akaachwa kituoni na mkoba wake, atakifahamu kisa hiki bila ya ufafanuzi.

Hakukaa kulia. Alikwenda Detroit, akawa mwalimu wa watoto weusi. Hapo alipokuwa akisomesha, vita vikamfikia.

SAJINI

Mwaka 1863 serikali ya Marekani ilikuwa imeruhusu watu weusi kuingia jeshini kupigana na majimbo ya kusini yaliyotaka kuendeleza utumwa. Hadi vita vinamalizika waliojiunga na jeshi la nchi kavu walifikia watu 179,000 hivi. Said alijiandikisha katika Kikosi cha 55 cha Massachusetts, kilichokusanyika Readville karibu na Boston, akapanda cheo mpaka kuwa sajini. Maofisa wake waliandika kwamba kipajini alikuwa na alama za watu wa tabaka la watawala wa kwao. Walimwita Nicholas, lakini paji lake la uso lilikuwa bado linasema Bornu.

Inasimuliwa kwamba alipoulizwa sababu ya kujiunga, alijibu kuwa aliwaona watu wake wote wanafanya hivyo. Jibu hilo nimelifikiria sana. "Watu wake" hao walikuwa nani? Hawakuwa Wakanuri, na wengi wao hawakuwa Waislamu. Walikuwa watumwa wa jana na watoto wa watumwa, waliozaliwa Amerika na wasiojua Bornu iko upande gani wa dunia. Mtu aliyetumikia meza za mawaziri na wafalme alichagua kuwaita hao watu wake.

Kikosi hicho kilipelekwa Karolina ya Kusini. Kabla ya kupambana na adui walipambana na waajiri wao. Waliahidiwa dola 13 kwa mwezi, sawa na askari weupe. Siku ya malipo wakaambiwa kuwa mweusi hulipwa dola 10, na katika hizo hukatwa 3 za nguo. Wanaume wale, wengi wao wakiwa na wake na watoto wanaowangojea, walikataa kupokea hata senti moja. Jimbo la Massachusetts lilitaka kuwafidia tofauti hiyo kutoka hazina yake, wakakataa pia, maana shida yao haikuwa fedha bali usawa. Walifanya kazi na kupigana bila ya mshahara kwa zaidi ya mwaka mmoja, mpaka bunge likapitisha sheria ya kuwalipa sawa mwezi wa Juni 1864. Fedha zao zilifika mwezi wa Oktoba mwaka huo.

Mwaka huo huo wa 1864 Said alifanya jambo ambalo wapenda vyeo hawatalielewa. Aliomba mwenyewe ashushwe kutoka sajini mpaka koplo, ili ahamishiwe hospitali ya kikosi, kwani alitaka kujifunza utabibu. Mtu anayeomba kupunguziwa cheo ili aongeze elimu ni wa kutajwa mbele ya watoto wetu.

PICHA MBILI ZA HUBBARD PRYOR

Ili tufahamu thamani ya alichofanya Said baada ya vita, natia hapa habari fupi ya kijana mwingine wa wakati huo huo, Hubbard Pryor, mtumwa wa Georgia aliyetoroka na kujiunga na jeshi mwaka 1864. Yeye ana picha mbili maarufu, ambazo zimo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani. Katika ya kwanza amekaa, na nguo zake ni matambara matupu. Katika ya pili amesimama wima katika sare mpya, bunduki mkononi. Ofisa wa jeshi alizipeleka Washington kama ushahidi wa jinsi mtumwa anavyogeuka kuwa askari.

Ni picha za kusisimua, lakini tazameni zilivyotengenezwa. Aliyeamua Pryor avae nini na picha ziende wapi alikuwa mtu mwingine. Tena sare ile mpya si mwisho wa habari zake. Oktoba 1864 kikosi chake kilizingirwa mjini Dalton, Georgia, mkuu wake akasalimu amri, na askari weusi wakarudishwa katika kazi za sulubu kama watumwa. Pryor alinusurika na akaishi mpaka mwaka 1890. Lakini kitabu hakuandika. Picha zake zinasema waliyotaka zisemwe waliozipiga.

KALAMU

Nicholas Said aliandika. Hii ndiyo ile sababu moja niliyoahidi kuitaja. Mwezi wa Oktoba 1867 jarida mashuhuri la Atlantic Monthly lilichapisha masimulizi ya maisha yake. Naye wakati huo alikuwa amebaki majimbo ya kusini akiwasomesha watu waliotoka utumwani, wazee na watoto, herufi zao za mwanzo. Mwaka 1873 alichapisha kitabu kizima cha maisha yake mjini Memphis, jimbo la Tennessee. Alikiandika kwa Kiingereza, lugha aliyoikuta ukubwani. Kumbukumbu za kikosi chake zinaeleza kwamba alifariki Brownsville, katika jimbo hilo hilo la Tennessee, mwezi wa Agosti 1882. Bornu hakurudi.

Fikirini sasa kama asingeandika. Kadi ile ndogo ingekuwa moja katika maelfu ya kadi za askari weusi wasiojulikana, zinazouzwa minadani kwa jina la "askari mmoja". Mtoto wa Barka Gana, mwanafunzi wa Kiarabu wa Kukawa, aliyefika Makka, yote hayo yangezikwa pamoja naye. Dunia ilimnyang'anya uhuru, nchi, na sehemu kubwa ya jina lake. Habari zake hakuruhusu zichukuliwe.

LA KUFANYA

Ndugu zangu, wengi wetu hatutaandika vitabu, wala si lazima. Lakini mali bila ya daftari hupotea bila ya habari, na picha za wazee wetu ni mali. Waliopigana Burma, waliokuwa mabaharia, waliovuka kwa majahazi kutoka Unguja kwenda Maskati au Dubai katika mwaka 1964 na baada yake na kibahasha cha picha ndani ya kanzu, wanaondoka mmoja mmoja. Sisi tulio nje tuna hatari mbili kwa pamoja: wazee wako mbali, na watoto wanazungumza lugha nyingine. Katikati ya hao wawili tupo sisi tu. Tukinyamaza, kamba imekatika.

Kwa hiyo naomba kila nyumba ifanye haya kabla ya Idi ijayo.

Kwanza, teremsheni picha zote za zamani, mziweke juu ya meza. Kila moja iandikwe nyuma, pembeni, kwa penseli laini, kwa mkono mwepesi. Wino hupenya na kuharibu sura.

Pili, msiandike "Babu", "Ami" au "Mjomba". Haya ni maneno ya anayeandika, si ya anayesoma. Baada ya miaka arobaini hakuna atakayejua ni babu wa nani. Andikeni jina lake, la baba yake na la babu yake, kama tunavyoandikiana katika nikaha. Ongezeni mji, mwaka hata kama ni wa kukisia, na jina la aliyewapa habari hiyo.

Tatu, msizigandishe kwa gundi wala kuzitia katika albamu zenye kurasa za kunata. Ziwekeni mbali na jua na unyevu, na nakala moja ikae nyumba nyingine, kwa ndugu.

Nne, na hili ndilo kubwa, ulizeni. Mpigieni simu mzee aliyebaki, mumsomee alama za picha moja: kofia ya namna gani, nani kakaa kushoto. Msimuulize, "Tueleze historia yako," maana atasema hana historia. Muulizeni, "Viatu hivi walikupa wao au ulinunua mwenyewe?" Hapo ndipo mlango unapofunguka. Na mtoto aandike, kwa lugha yoyote anayoiweza. Said aliandika kwa Kiingereza, na Bornu haikupungua kitu.

Ama mimi, baada ya kusoma habari za sajini huyu niliichukua picha ya ami yangu nikampigia simu shangazi, dada yake mdogo, ambaye sasa ana zaidi ya miaka tisini. Nilimuuliza juu ya kofia ile kubwa iliyokunjwa upande mmoja. Alicheka muda mrefu. Akasema kofia haikuwa yake. Ya kwake ilikuwa imemzidi kichwa, basi siku ya picha aliazima ya rafiki yake, kijana wa Tanga, na rafiki huyo hakurudi kutoka Burma. Ndiyo maana, alisema, kaka yake kila alipoitazama picha ile alikuwa akiigeuza kifudifudi.

Miaka yote hiyo nilidhani ninayo picha ya mtu mmoja. Jina la kijana wa Tanga shangazi halikumbuki. Nimeandika nyuma ya picha, kwa penseli, jina la ami yangu, la baba yake na la babu yake, na chini yake nimeandika: "Kofia ni ya rafiki yake wa Tanga, aliyefia Burma. Mwenye kulijua jina lake aliandike hapa." Nimeacha nafasi.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, na atuwafikishe sisi kuihifadhi amana yao. Wabillahi tawfiq.